Steringi Anapoamua Mwisho: Sizoni Ipi Inastahili Kumalizwa?

Kwenye laibrari za muvi za Ngamiani swali ni lile lile kila Ijumaa jioni: nikuingizie ipi? Fleshi ina nafasi ya sizoni mbili, tatu kwa kubana, na kila moja itachukua jioni za mwezi mzima. Mwenye duka atakutajia inayotembea wiki hiyo. Ni nadra akuambie inaishaje, na hasara yenyewe iko huko. Sizoni mbovu tangu mwanzo utaiacha episodi ya tatu, hujapoteza kitu. Inayoharibika mwishoni huwa imeshakula saa 80 zako kabla hujajua.

Hapa tunalinganisha jambo moja tu: uamuzi wa mwisho wa steringi, na kama unaifunga hadithi ikafungika. Mapigano, mavazi na picha nzuri tumeviweka kando. Na kwa kuwa mwisho haupimiki bila kutajwa, miisho yote imeelezwa waziwazi. Ambaye hajamaliza sizoni fulani na anataka kufika mwenyewe, aruke sehemu yake.

Kipimo

Barazani ugomvi huwa juu ya kufa. Mmoja atasema steringi hafi, akifa hakuna sizoni. Mwingine atasema asipokufa hadithi ni ya watoto. Lakini kufa au kupona peke yake hakuamui chochote, na pwani yetu imelijua hilo tangu zamani. Katika utenzi wa Fumo Liyongo, shujaa anasalitiwa na mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Kijana anamdunga sindano ya shaba kitovuni akiwa amelala. Liyongo anaamka akijua amekwisha. Anachukua uta na mishale, anakwenda penye kisima, anapiga goti, anapachika mshale, na roho inamtoka akiwa katika hali ile ile. Watu wakimwona kwa mbali wanadhani yu hai, hakuna anayethubutu kuteka maji.

Msikilizaji haridhiki kwa sababu Liyongo kafa. Anaridhika kwa sababu mpiga mishale kafa mpiga mishale, kwa sababu angeweza kubaki kitandani na hakubaki, na kwa sababu adui zake wamelipa kwa kiu. Ukiyageuza hayo kuwa maswali unapata kipimo kinachofaa kwa sizoni yoyote. Je, uamuzi wa mwisho umetoka katika tabia ile ile tuliyoifuata tangu episodi ya kwanza? Je, palikuwa na njia nyingine ya kweli, au waandishi walimfungia milango yote wakamsukuma? Na gharama: nani kailipa, na je, alirudishiwa baadaye? Swali hili la tatu ndilo linaloangusha sizoni nyingi. Kampuni hupenda kurejesha steringi miaka michache baada ya kumzika, na kila anaporejea, uamuzi uliomuua unakuwa haukutokea.

Breaking Bad au Dexter

Hizi mbili zinalingana vizuri kwa kuwa steringi wa zote ni mtu ambaye kwa haki angekuwa adui. Zote zilifunga Septemba 2013, wiki moja tu kati yao.

Breaking Bad ina misimu 5 na episodi 62: msimu wa kwanza 7, wa pili hadi wa nne 13 kila mmoja, wa tano 16. Episodi moja ni kama dakika 47, hivyo hesabu saa 50 kasoro kidogo. Walter White ni mwalimu wa kemia anayeambiwa ana saratani ya mapafu, akaingia kupika dawa za kulevya. Muda wote huo ana neno moja la kujitetea: nafanya kwa ajili ya familia. Shemeji yake Hank, askari wa dawa za kulevya, anauawa, mkewe anaishi kwa hofu, mwanafunzi wake wa zamani Jesse Pinkman anaishia kufungwa minyororo, na bado neno ni lile lile.

Episodi ya mwisho inamvua neno hilo. Anakwenda kwa mkewe Skyler na kukiri kwamba alifanya kwa ajili yake mwenyewe, kwamba alilipenda jambo lile na aliliweza. Huo ndio uamuzi mkubwa wa mwisho, kabla ya risasi yoyote, na watazamaji wengi huupita kwa sababu wanasubiri bunduki. Baada ya hapo kila anachofanya kinaeleweka. Pesa zilizobaki, dola 9,720,000, anawalazimisha Elliott na Gretchen, washirika wake wa zamani wa biashara, wampe mwanawe atakapotimiza miaka 18, ionekane ni msaada wao. Kwa mtu aliyeharibu nyumba yake ili jina lake litajwe, kutoa pesa ile bila jina ni adhabu, na amejipa mwenyewe. Kisha bunduki ya M60 ndani ya buti ya gari, imefungwa kwenye mota ya mlango wa gereji na kufyatuliwa kwa rimoti ya funguo. Ni akili ya mwalimu wa sayansi, ile ile iliyomtoa kwenye mikono ya wahuni katika msimu wa kwanza kwa mlipuko aliouandaa kama fuwele za dawa. Anamwangukia Jesse ili kumkinga, na risasi ya mtego wake mwenyewe inampata yeye.

Kuna lawama moja ya haki: siku ile kila kitu kinamwendea sawa mno. Polisi wa mji mzima wanamtafuta lakini anaingia na kutoka kwenye nyumba za watu, sumu inamfikia aliyekusudiwa, mota haikwami. Ni kweli, bahati imemsaidia. Lakini imesaidia vitendo, haikumsaidia kuamua. Na kuna dakika moja inayoziba pengo hilo: Walter anamsukumia Jesse bastola amuue, Jesse anakataa. Safari hii kijana yule haifuati amri ya mwalimu wake. Mwisho wa Walter ungekuwa nusu kama Jesse asingepata uamuzi wake.

Dexter ya kwanza ina misimu 8 ya episodi 12, jumla 96, zaidi ya saa 80. Dexter Morgan anachambua damu kwa polisi wa Miami mchana, usiku anaua wauaji waliokwepa sheria. Ana kanuni aliyofundishwa na baba mlezi wake Harry: uhakikishe ana hatia, na usikamatwe. Hadithi nzima imesimama juu ya kanuni hiyo, kwa hiyo mwisho ulipaswa kuijibu. Haukuijibu. Dexter anazima mashine zinazomweka hai dada yake Debra, anaubeba mwili wake hadi baharini, anamwacha mwanawe Harrison aende Argentina na mwanamke mwingine, anaielekeza boti kwenye kimbunga. Tunadhani amekufa. Kisha tunamwona mbali kabisa, mkata magogo mwenye ndevu, kimya.

Kosa liko wapi hasa? Wengi walichukia magogo. Magogo si tatizo. Tatizo ni kwamba hakuchagua kufa wala kukamatwa wala kulea. Alijiondoa, na gharama wakailipa mtoto na maiti. Hakuna aliyemuuliza juu ya kanuni ya Harry, na yeye hakujiuliza.

Mwaka 2021 walirudi na episodi 10 za New Blood, na hapa waandishi walifanya kazi yao. Dexter amekamatwa na anataka kutoka rumande. Anamuua polisi Logan, mtu asiye na hatia yoyote. Kanuni imevunjwa na aliyekuwa mlinzi wake. Harrison, sasa ni kijana, anamwonyesha kwamba kwa kanuni yake mwenyewe yeye ndiye anayestahili kuuawa, Dexter anaelewa, na mtoto anafyatua. Anayeujua utenzi wa Liyongo ataona tofauti mara moja: mwana wa Liyongo aliua kwa tamaa ya kuozwa, huyu kaua kwa somo alilofundishwa na baba yake. Ulikuwa mwisho mzito. Halafu Julai 2025 ikaanza Resurrection, episodi 10 nyingine, na tunaambiwa risasi haikumuua. Swali la tatu la kipimo limeanguka pale pale.

Ukiwa na nafasi ya moja, chukua Breaking Bad bila kusita. Ukiipenda Dexter hata hivyo, njia nzuri ni kutazama misimu minne ya kwanza, episodi 48, ambayo inafunga kwa pigo kubwa la mke wake Rita. Kisha rukia New Blood ukiwa umeshaambiwa mambo matatu: kwamba Debra aligundua siri, kwamba alimuua mkuu wake wa kazi LaGuerta kumlinda kaka yake, na kwamba amekufa. Ukifika risasi ya Harrison, zima.

Prison Break au 24

Hizi ndizo zilizofundisha kizazi kizima hapa mjini kutazama sizoni. Masteringi wote wawili wanaishia kujitoa kwa ajili ya mwanamke wanayemjali, mmoja mkewe, mwingine rafiki. Tofauti iko kwenye kilichofuata.

Prison Break ina episodi 90 ukijumlisha zote: 22, 22, 13, kisha 24 za msimu wa nne, kisha 9 za mwaka 2017. Hizo 24 zinahitaji uangalifu. Episodi ya 22 inafunga hadithi kuu na kuruka miaka minne mbele, tunaona kaburi la steringi, Michael Scofield, hatuambiwi kilichomuua. Jibu liko kwenye The Final Break, ambayo ni episodi mbili au faili moja refu, na mara nyingi kwenye kunakili huachwa kwa kudhaniwa ni muvi nyingine. Asiyekuwa nayo atakwambia Michael alikufa kwa ugonjwa. Mwenye nayo anajua kwamba Sara alifungwa akiwa mjamzito, na Michael akaunganisha nyaya za umeme kwa mikono yake ili mlango ufunguke mkewe atoke.

Kwa swali la kwanza, uamuzi ule hauna kasoro. Mtu aliyejichora ramani ya gereza mwilini ili amtoe kaka yake anamalizia kwa kutoa mwili wenyewe. Kwa swali la pili kuna udhaifu, na haupaswi kufichwa: uvimbe wa ubongo wake ulikuwa umerudi, na yeye alijua. Anayetoa miezi hajatoa kama anayetoa miaka 40. Waandishi waliweka ugonjwa ili tusilie sana, na kwa kufanya hivyo walipunguza uzito wa zawadi.

Kisha 2017. Michael yu hai, kwenye gereza la Ogygia huko Sana'a, Yemen, na kila tulichokiona kilikuwa mpango wa mtu mwingine. Episodi 9 zile zina kasi na zinamrudisha kwa Sara na mtoto, na kuna watazamaji waliofurahi kweli. Furaha hiyo inaeleweka: mtu umemfuata kwa miaka, unataka umwone na mwanawe bustanini. Lakini nyaya za umeme sasa hazimaanishi kitu. Ushauri wetu ni kuchukua misimu minne pamoja na The Final Break, kuishia hapo, na kutoiingiza kabisa ya 2017 kwenye fleshi hiyo hiyo, kwa sababu ikiwepo utaifungua.

24 ni ndefu: misimu 8 ya episodi 24, yaani 192, na 12 za Live Another Day mwaka 2014. Jumla 204, zaidi ya saa 140 ukiifuata yote. Kila msimu ni siku moja, kila episodi saa moja ya siku hiyo. Steringi Jack Bauer, askari wa kupambana na ugaidi, anatesa, anaua, anavunja amri za marais, na mara zote hoja yake ni kwamba kuna watu wengi wa kuokolewa kabla saa haijaisha. Waandishi walimpa mwisho mara mbili. Wa kwanza, mwaka 2010, anashawishiwa na Chloe, mwenzake wa kazi, asimpige risasi rais wa Urusi aliyehusika na mauaji ya Renee, mwanamke aliyempenda, na anaondoka akiwa mkimbizi. Ni mwisho wa heshima, ila kaachiwa tu. Alichokiacha ni kisasi, na kukiacha kumemfanya atoroke.

Wa pili ndio wenye nguvu. London, mpenzi wake wa zamani Audrey ameshauawa, Jack ameshalipiza. Warusi wamemteka Chloe. Asubuhi Jack anajipeleka mwenyewe, anabadilishana naye, anapanda helikopta yao akijua kinachomsubiri. Hakuna bomu, hakuna watu elfu wa kuokoa, hakuna saa inayomkimbiza: rafiki mmoja tu, aliyemsimamia alipokataliwa na wote. Mtu aliyekuwa akitoa watu wengine sadaka kwa hesabu ya wengi anajitoa yeye kwa mmoja. Na mpaka leo hawajamtoa mikononi mwa Warusi. Mwaka 2017 ilikuja Legacy yenye episodi 12, lakini Jack hayumo, kwa hiyo haijagusa uamuzi wake.

Wapo wanaoona huo si mwisho kwa sababu hatujui yaliyompata. Hapa hatukubaliani nao. Tunajua alichochagua na tunajua bei yake; kinachokosekana ni picha za mateso tu.

Kwa hiyo, kwa mwisho peke yake, 24 inashinda, na si kwa mbali. Kwa saa zako, Prison Break iliyokatwa vizuri ni nafuu zaidi ya mara mbili. Ipo njia ya kati: msimu wa 1, wa 4, wa 5, wa 8, kisha zile 12 za London. Wa 4 unakuonyesha Audrey anakuwa nani kwa Jack, wa 5 una Chloe katika ubora wake na kifo cha Palmer, rais wa zamani, wa 8 unaeleza ugomvi na Warusi. Utahitaji kuelezwa tu kwamba Jack alifungwa China kati ya wa 5 na wa 6, na kwamba Audrey alidhurika vibaya alipokwenda kumtafuta.

La Casa de Papel au Squid Game

Vijana wanazilinganisha hizi kwa suti nyekundu na barakoa. Kulingana kwao kwa kweli ni pale ambapo steringi ana mali mbele yake na lazima aamue atatoka nayo vipi.

La Casa de Papel kwanza ihesabiwe vizuri, maana kuna nakala mbili zinazozunguka. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza Hispania mwaka 2017, wizi wa kwanza ulikuwa na episodi 15 ndefu za dakika 70 hivi. Netflix ikazikata upya kuwa 22 fupi. Ukichanganya, utarudia matukio au utaruka mengine. Kwa hesabu ya Netflix, sehemu tano zina episodi 13, 9, 8, 8 na 10, jumla 48, chini ya saa 40. Kabla hujalipia, hakikisha sehemu ya kwanza ina 13.

Profesa, kiongozi wa genge la wezi, anapanga kila kitu akiwa mbali. Huo ndio uhodari wake na ndiyo aibu yake: wengine wanakufa ndani, yeye yuko kwenye simu. Ndiyo maana uamuzi wake wa mwisho unafaa. Dhahabu tani 90 imeshatolewa Benki ya Hispania, imeibwa tena na mtu wa karibu, na Profesa anaingia benki kwa miguu yake, mikono mitupu, kukaa na wenzake. Kisha mtego: vipande vinavyorudishwa benki mbele ya kamera ni shaba nyeupe iliyopakwa dhahabu, na Kanali Tamayo, anayeongoza upande wa serikali, anaachiwa achague kati ya kutangaza ukweli nchi ianguke kiuchumi, au kutangaza ushindi wa uongo na kuwaacha majambazi waondoke kama maiti. Anachagua uongo. Hapo uamuzi wa steringi umemlazimisha adui aamue, na huo ni uandishi mzuri.

Udhaifu wake uko kwenye gharama. Profesa anaondoka na mwanamke, na dhahabu, na pasi mpya ya kusafiria. Waliolipa ni Nairobi aliyepigwa risasi katika sehemu ya nne na Tokyo aliyejilipua na maguruneti katikati ya sehemu ya tano. Na dhahabu inarudi kwa sababu mwizi wa pili, Rafael, anasoma kikaratasi chenye maneno ya kifamilia akabadili moyo. Hapo ndipo panapolegea. Mtu anayeiba tani 90 habadilishwi na barua moja katika dakika tano.

Squid Game ni episodi 22 tu: 9 za mwaka 2021, 7 za Desemba 2024, 6 za Juni 2025. Karibu saa 20, wiki mbili za jioni. Seong Gi-hun, anayeingia kwenye mchezo wa siri ambamo anayeshindwa huuawa, ana madeni, ana kamari, ana mama mgonjwa, lakini ana kitu kimoja kisichouzika: hawezi kumaliza ushindi juu ya maiti ya mtu mwingine. Mwisho wa msimu wa kwanza yuko hatua chache kutoka kwenye won bilioni 45.6 na anataka kuuacha mchezo ili rafiki yake Sang-woo apone. Msimu wa tatu Front Man, msimamizi wa mchezo, anampa kisu usiku awachinje wenzake waliolala, anarudi bila kukitumia. Kwa hiyo anapobaki juu ya nguzo ya mwisho yeye na mtoto mchanga, tumeshajua. Mpinzani wake alianguka kabla kitufe cha nguzo ile hakijabonyezwa, hivyo raundi ilikuwa haijaanza kisheria na lazima mmoja wao afe. Anabonyeza, anamlaza mtoto chini, anajiachia nyuma.

Wengi walikasirika. Walitaka aubomoe mchezo, kwa kuwa ndicho alichorudi kufanya. Hasira hiyo ina msingi: mpelelezi Jun-ho anazunguka baharini msimu mzima na anafika wakati hakuna la kufanya, na Gi-hun mwenyewe alimnyonga Dae-ho kwa kisasi, doa ambalo hadithi inalipita haraka mno. Bado, kwa maswali yetu matatu, anashinda. Uamuzi umetoka ndani yake, njia nyingine ilikuwepo na ilikuwa rahisi, kumwangusha mtoto tu, na gharama kalipa yeye.

Kuchagua hapa kunategemea unatazama na nani. Sebuleni penye watu wa rika zote, La Casa de Papel inaacha watu wakicheka na kubishana juu ya mpango. Squid Game ina ukatili usiofaa watoto, na mwisho wake unakaa kifuani. Na kama hutaki kufika mbali, kila moja ina kituo cha heshima: La Casa de Papel kwenye episodi ya 22, wanapotoka na euro milioni 984 na Raquel, mpelelezi aliyekuwa akiwasaka, akamfuata Profesa ng'ambo, Squid Game kwenye episodi ya 9, Gi-hun anapougeukia mlango wa ndege na kurudi.

Mbili za kupita haraka

Game of Thrones, episodi 73, ina uamuzi sahihi kwenye mahali palipojengwa haraka. Jon Snow anamuua Daenerys anayempenda, baada ya kuuona mji mkuu, King's Landing, ukiteketezwa kwa moto wa joka. Mapenzi na wajibu viligombana ndani yake tangu msimu wa kwanza, kwa hiyo tabia ni yake. Lakini misimu sita ya kwanza ilipewa episodi 10 kila mmoja, wa saba 7, wa nane 6. Kugeuka kwa Daenerys, ambako ndiko kunakomsukuma Jon, kumebanwa kwenye jioni mbili. Itazame kwa safari, si kwa kufika.

The Sopranos, episodi 86, haina uamuzi wa mwisho. Tony yuko hotelini na familia, mlango unafunguliwa, picha inakatika ghafla na kiza kinakaa kama sekunde 10 bila sauti. Juni 2007 hata Wamarekani walidhani televisheni zao zimekata. Faili lako si bovu na Luku haijaisha. Anayetaka kuona steringi akiamua, hii si yake.

Kabla hujatoka dukani

Hesabu mafaili kabla ya kulipa: Breaking Bad 62, Prison Break hadi The Final Break 81 au 80 kama mbili za mwisho zimeunganishwa, La Casa de Papel 48, Squid Game 22. Breaking Bad ina tatizo lake: msimu wa tano ulionyeshwa kwa mafungu mawili ya episodi 8, mwaka mmoja kati yake, na baadhi ya nakala huishia fungu la kwanza. Kama episodi yako ya mwisho inafunga na Hank akiwa chooni na kitabu mkononi, bado 8.

Angalia pia urefu wa faili la mwisho bila kulicheza. Episodi ya kufungia ya Breaking Bad ni kama dakika 55. Ikionyesha 30, imekatika wakati wa kunakili, na hutagundua mpaka usiku wa mwisho. Kwa ubora wa 720, episodi ya dakika 45 kwa kawaida ni MB 300 hadi 400, hivyo sizoni ya episodi 60 inahitaji fleshi ya GB 32. Fleshi iliyofomatiwa FAT32, ambayo televisheni nyingi huisoma, haipokei faili moja linalozidi GB 4; hilo huyagusa mafaili marefu ya ubora mkubwa, kama episodi ya tatu ya msimu wa nane wa Game of Thrones.

La mwisho ni tafsiri ya dijei. Kwa episodi za katikati inasaidia sana, hasa penye mipango mingi kama ya Profesa. Kwenye episodi ya kufungia inaharibu. Dijei hujaza kila nafasi kwa sauti, na maamuzi haya makubwa mengi hufanyika bila maneno: Walter akigusa mitungi ya maabara, Gi-hun akimlaza mtoto. Omba episodi ya mwisho uingiziwe mara mbili, ya tafsiri na ya asili yenye sabtaito. Faili la sabtaito liwe folda moja na video na liitwe jina lile lile herufi kwa herufi, la sivyo televisheni haitalionyesha. Tazama ya asili kwanza.